Frank Hornby: Mtunza hesabu wa nyama aliyeiweka treni mezani

DZALEKA, Malawi. Ukiingia Dzaleka mchana wa Jumamosi, kabla hujafika sokoni utapishana na galimoto. Hilo ni neno la Kichewa lenye maana ya gari, na hapa Malawi ndilo jina la magari ya waya ambayo watoto hujitengenezea wenyewe. Waya hukunjwa kwa mkono, magurudumu huchongwa kutoka kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani hurefushwa hadi kiunoni ili mwenye gari asukume huku akikimbia.

Safari hii nilimkuta mtoto mmoja amefunga makopo matatu ya samaki nyuma ya galimoto lake. Nilimuuliza ni lori la kwenda wapi, akanicheka. Kumbe ilikuwa treni. Alikuwa na kopo la nne mkononi, lakini lilimsumbua. Tundu lake lilikuwa kubwa kuliko ya mengine, na kila akilifunga waya ulichomoka.

Nilisimama kumtazama kwa sababu tatizo lake nilikuwa nimelisoma mahali. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, tatizo hilohilo lilimkalia kichwani mtunza hesabu mmoja katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi kwa mwagizaji wa nyama kutoka nje. Jina lake Frank Hornby. Hadi leo mtu mzima anayepanga reli ndogo mezani kwake, iwe London au Sydney, analijua jina hilo kama sisi tunavyolijua jina la sabuni tuliyokulia.

Hornby alifariki Septemba 21, 1936. Kila mwezi huu unapofika, wapenzi wa treni ndogo humkumbuka kama mwanzilishi na mzee wao. Sisi wa upande huu hatukukulia kwenye treni zake, lakini maisha yake yana mengi ya kumfaa mtu anayeishi kwa kununua hapa na kuuza ng'ambo ya mpaka.

Mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula

Alizaliwa Mei 15, 1863, mjini Liverpool. Baba yake, John Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Liverpool ya siku hizo ilikuwa lango la meli, na mtoto aliyekulia huko alizoea kuona winchi zikishusha mizigo na mabehewa yakiipeleka bara.

Shuleni hakung'ara. Aliacha masomo akiwa na miaka 16 na kwenda kushika fedha katika biashara ya baba yake. Hakusomea uhandisi wala hakufundishwa ufundi wa chuma na mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni kupenda kutengeneza vitu, pamoja na kitabu kimoja alichokisoma utotoni, Self-Help cha Samuel Smiles, kinachosimulia maisha ya watu walioanza bila kitu wakafika mbali. Husimuliwa kuwa katika ujana wake alijaribu kuunda mashine ya kujiendesha bila kusimama, na pia nyambizi ndogo. Vyote vilimshinda.

Mwaka 1887 alimuoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule ambaye baba yake alikuwa ofisa wa forodha. Msomaji wa gazeti hili aliyewahi kukaa foleni Songwe au Mchinji atatabasamu hapo. Walijaliwa watoto watatu: Roland, Douglas na Patricia.

Baba yake alifariki mwaka 1899 na biashara ya familia ikafungwa. Hornby, akiwa na miaka 36 na watoto wa kulea, alilazimika kutafuta ajira. Aliipata kwa David Hugh Elliott, mwagizaji wa nyama hapohapo Liverpool, akawa mtunza vitabu vyake vya hesabu. Mtu aliyemtazama wakati ule angemwona karani wa kawaida, baba wa familia, anayerudi nyumbani jioni na wino vidoleni.

Tundu la nusu inchi

Jioni hizo ndizo zilizobadilisha maisha yake. Nyumbani alikuwa na karakana ndogo, na humo aliwatengenezea wanawe wawili vitu vya kuchezea kwa vipande vya bati: madaraja, malori, winchi. Watoto walifurahi, lakini kila kitu kipya kilihitaji vipande vipya. Kipande kilichokatwa kwa ajili ya daraja hakikufaa kwenye winchi. Daraja likichosha, kazi yote ya wiki nzima imeisha.

Inasimuliwa kuwa jibu lilimjia akiwa safarini ndani ya treni. Vipi kama kila kipande kingekatwa kwa kipimo kimoja, na kila tundu kutobolewa kwa umbali uleule? Hapo kipande kilichokuwa nguzo ya daraja jana kingeweza kuwa mkono wa winchi leo. Asingehitaji gundi wala moto wa kuchomelea, bali bolti na nati tu.

Alichagua vipande vyenye upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, na matundu yaliyopishana kwa nusu inchi. Kipimo hicho hakukibadilisha maisha yake yote. Mtoto aliyepewa sanduku la kwanza aliweza, miaka 30 baadaye, kumnunulia mwanawe sanduku jipya na kuchanganya vipande vya zamani na vipya bila tabu. Humo ndani ya nusu inchi ndimo ulimokuwa utajiri wa Hornby.

Pauni tano za mwajiri

Wengi wetu tukipata wazo tunakimbilia sokoni. Hornby alianza na karatasi. Mwezi Januari 1901 aliomba hataza, yaani cheti cha serikali kinachomlinda mvumbuzi asinakiliwe. Ada na gharama zake hakuwa nazo. Alimwendea mwajiri wake Elliott na kukopa pauni 5. Kabla mwaka haujaisha, hataza ilikuwa mkononi.

Hapa inafaa kumtazama Elliott kidogo, kwa sababu historia imemsahau. Alikuwa mwagizaji wa nyama, hakuwa na sababu yoyote ya kuamini vipande vya bati. Lakini alimjua mtunza hesabu wake. Aliona kila siku jinsi anavyoandika deni na malipo. Mbali na mkopo, alimpa chumba kilichokuwa wazi jirani na ofisi ili afanyie kazi zake, na baadaye wakawa washirika. Hornby aliendelea na ajira yake mchana na bati zake jioni.

Bidhaa ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1902 kwa jina la Mechanics Made Easy. Sanduku lilikuwa na aina 16 za vipande na liliuzwa kwa shilingi 7 na peni 6. Haikuwa bei ya mtoto wa maskini, na wenye maduka hawakuipokea kwa shangwe. Waliona vipande vya bati visivyong'aa, vinavyoshika kutu, na wakashindwa kuelewa mtoto atafanya navyo nini. Hornby alitafuta mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito. Alimpelekea bidhaa yake Profesa Henry Selby Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, naye akaiunga mkono kwa barua. Barua hiyo ilifungua milango ya maduka ambayo karani peke yake asingeifungua.

Mwaka 1903 aliuza masanduku yapatayo 1,500, lakini faida hakuiona. Faida ya kwanza, tena ndogo, ilipatikana mwaka 1906. Hesabu mwenyewe: tangu kukopa pauni 5 hadi kuona faida ilipita miaka mitano. Katika miaka hiyo yote ajira ya kutunza vitabu vya nyama ndiyo iliyomlisha.

Jina na kiwanda

Mwaka 1907 mambo mawili yalitokea. La kwanza, waliokuwa wakimtengenezea vipande walishindwa kumpa mzigo wa kutosha. Aliamua kuacha kazi, akakodi jengo katika mtaa wa Duke Street na kuanza kutengeneza mwenyewe. La pili, mwezi Septemba alisajili jina jipya la biashara: Meccano. Jina la awali lilikuwa la Kiingereza tupu. Hili jipya lilikuwa fupi, na Mfaransa au Mjerumani angeweza kulitamka bila kujikwaa. Kwa mtu anayelenga kuuza nje, hilo halikuwa jambo dogo.

Mei 1908 kampuni ya Meccano Limited iliundwa. Elliott aliamua kutojiunga. Huenda aliona nyama ina uhakika zaidi, kwa vile watu hula kila siku. Hornby akabaki mwenye mali peke yake.

Mwaka huohuo wa 1908, huku kwetu, reli ya kwanza ya nchi inayoitwa leo Malawi ilikuwa imeunganisha Blantyre na bandari ya mtoni ya Port Herald, sasa Nsanje. Watu walikuwa wakipigilia mataruma kwa jasho katika bonde la Shire wakati Liverpool mtu mmoja akiweka madaraja ndani ya masanduku ya karatasi.

Kufikia mwaka 1914 kiwanda kipya kilijengwa barabara ya Binns Road, Liverpool, katika eneo la ekari 5. Anwani hiyo ikawa maarufu miongoni mwa watoto kuliko anwani ya ikulu. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi waliokata, kupaka rangi na kufungasha. Jambo la kushangaza ni kwamba matangazo ya kampuni yaliwalenga wavulana peke yao. Wanawake waliotengeneza mamilioni ya vipande hawakuonekana kuwa watu ambao binti zao wangependa kuvichezea. Hilo ni doa, na ni la zama zake.

Vita na treni

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, treni bora za kuchezea zilitoka Ujerumani. Makampuni kama Märklin na Bing yalitawala maduka ya Uingereza. Hornby mwenyewe alinunua injini za springi kutoka kwa Märklin, na alikuwa na kampuni yake tanzu mjini Berlin. Vita vilipoanza mwaka 1914 milango ilifungwa pande zote mbili. Kampuni yake ya Berlin aliipoteza. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hilo vizuri: siku moja unapita na mzigo kwa salamu, siku ya pili lango limefungwa na fedha yako iko upande wa pili.

Vita vilipoisha mwaka 1918, Waingereza wengi hawakutaka tena kuona bidhaa ya Kijerumani madukani. Watoto, hata hivyo, walitaka treni. Hornby aliliona pengo hilo na kulijaza. Mwaka 1920, akiwa na miaka 57, alitoa treni ya kwanza iliyobeba jina lake la ukoo.

Ilikuwa ya bati, inakwenda kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo, na ilitembea juu ya reli yenye upana wa milimita 32. Ilipakwa rangi za kampuni halisi za reli za Uingereza, hivyo mtoto aliyesafiri na treni ya kweli kwenda kwa bibi yake aliitambua mara moja. Na kwa kuwa fundi ni yuleyule, treni hizo za mwanzo zilifungwa kwa bolti na nati. Gurudumu likiharibika, mtoto aliweza kulifungua na kuweka jingine.

Treni ya kwanza ya umeme ilifuata mwaka 1925. Kisha zikaja stesheni, taa za ishara, madaraja, uzio na mahandaki. Katika miaka ya 1930 zikaja sanamu ndogo za abiria na wapagazi, na mwaka 1933 magari madogo ya kuegesha nje ya stesheni. Mwaka uliofuata magari hayo yakapewa jina la Dinky Toys na kuwa biashara kubwa inayojitegemea.

Mwenye duka yeyote ataiona hesabu yake. Aliyenunua treni alihitaji reli zaidi. Mwenye reli alihitaji stesheni. Mwenye stesheni alihitaji abiria. Kwa kuwa kila kitu kililingana na kilichotangulia, hakuna aliyejutia alichonunua mwanzo. Mteja wa Krismasi moja alirudi Krismasi nyingine, na mara nyingi alirudi hadi alipokuwa na ndevu. Hivyo ndivyo mchezo wa watoto ulivyogeuka burudani ya watu wazima, yenye vyama vyake, magazeti yake na mafundi wake.

Kwa nini walimpenda

Matajiri wa viwanda ni wengi, na wengi wao hakuna anayewakumbuka ila mahakama za mirathi. Hornby alipendwa, na sababu yake inajulikana. Hakuwaacha wateja wake baada ya kupokea fedha zao.

Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, alianzisha gazeti la Meccano Magazine. Lilieleza jinsi ya kujenga vitu kwa vipande vyake, lakini pia lilieleza madaraja halisi, meli halisi na reli za nchi za mbali. Mtoto aliyeandika barua alijibiwa. Aliyebuni kitu kipya aliona ubunifu wake ukichapishwa, na mashindano yalitoa zawadi. Mwaka 1919 klabu za watoto zilizokuwa zimejianzisha zenyewe ziliunganishwa katika chama kimoja, Meccano Guild, na Hornby akawa rais wake. Mwaka 1928 wenye treni nao walipata chama chao, kilichoitwa Hornby Railway Company, chenye beji na matawi. Klabu zilienea hadi Afrika Kusini, Australia na New Zealand.

Watoto waliokulia katika klabu hizo walikuwa wahandisi, mafundi mitambo na wanasayansi wa kesho. Mwaka 1934, katika chuo kikuu cha Manchester, Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walitumia vipande vya Meccano kujenga mashine ya kukokotoa hesabu ngumu ambazo mkono wa binadamu ungezifanya kwa wiki nyingi. Mashine hiyo ilifanya kazi ya kisayansi ya kweli. Vipande vilikuwa vilevile ambavyo mtoto wa jirani alijengea winchi.

Ukali wake nao ulikuwepo

Upole wa Hornby kwa watoto haukumfanya mpole kwa wezi wa kazi yake. Kampuni moja ya Marekani iliponakili vipande vyake na hata vitabu vyake vya maelekezo, aliishitaki. Mwaka 1916 mahakama ya Ohio ilimpa ushindi, ingawa mvutano wa kisheria uliendelea kwa miaka kadhaa hadi kufika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mvumbuzi aliyeanza na karatasi alikuwa na miguu ya kusimama mbele ya hakimu.

Si kila hatua yake ilifanikiwa. Baada ya vita alijenga kiwanda katika jimbo la New Jersey ili awe karibu na soko la Marekani, lakini ushindani ulimshinda, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 aliiachia biashara hiyo kampuni ya hukohuko. Ufaransa mambo yalikwenda vizuri zaidi, ambako Meccano ilikuwa na kiwanda chake Bobigny, karibu na Paris.

Mwaka 1931, akiwa na miaka 68, aliingia bungeni kuwakilisha Everton, sehemu ya Liverpool, kwa tiketi ya chama cha Conservative. Hakuwika huko. Afya yake ilikuwa imedhoofika na hakugombea tena mwaka 1935. Mwaka uliofuata maradhi ya moyo, yakichochewa na kisukari, yalimaliza safari yake akiwa na miaka 73. Alizikwa Maghull, nje kidogo ya Liverpool, alikoishi. Mwanawe Roland, mmoja wa wale wawili waliochezea madaraja ya kwanza, alishika uongozi wa kampuni.

Miaka miwili baada ya kifo chake kampuni ilitoa treni ndogo zaidi, Hornby Dublo, za reli ya milimita 16.5, zilizotosha kwenye meza ya kawaida ya kulia chakula. Baadaye nyakati zilibadilika. Plastiki ilikuja, televisheni ikaja, na mwaka 1964 kampuni ilinunuliwa na mshindani wake. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, na mamia ya wafanyakazi wa Liverpool wakarudi nyumbani. Jina halikufa. Treni za Hornby bado zinauzwa na kampuni yenye makao Margate, kusini mwa Uingereza.

Vipande visivyolingana

Nimerudia maisha ya mtu huyu mara kadhaa nikiwa kwenye minibasi kati ya Lilongwe na Dzaleka, na kila mara nawaza ile nusu inchi.

Reli ya Malawi ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Msumbiji na ya Zambia. Kwa sababu hiyo, njia ya Mchinji hadi Chipata ilipofunguliwa mwaka 2010, behewa la Malawi liliweza kuvuka bila kubadilishwa gurudumu. TAZARA nayo ina upana huohuo. Lakini ukifika ndani ya Tanzania, Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, na ile mpya ya umeme ni milimita 1,435. Ndiyo maana Kidatu kuna kituo cha kuhamishia mizigo: kinachotoka upande mmoja hushushwa na kupakiwa upya kwenye behewa la upande mwingine. Mwenye mzigo ndiye anayelipia kushusha, kupakia, kusubiri na kuvunjika. Vipimo vya milimita 1,067 na 1,000 vilichaguliwa na serikali za wakoloni bila kutufikiria sisi, na bado tunavilipia.

Reli ni chuma, inaonekana. Kuna vipande vingine visivyolingana ambavyo havionekani. Cheti cha ubora kilichotolewa upande mmoja huhojiwa upande wa pili. Kitambulisho kinachotosha hapa hakitoshi pale. Mjumuisho wa kanda, kwa lugha ya Hornby, ni kukubaliana matundu yatobolewe wapi.

Kwa hataza na alama za biashara, hatua fulani imepigwa. Shirika la kikanda la miliki bunifu, ARIPO, lenye makao Harare, linamwezesha mvumbuzi kupeleka ombi moja la hataza na kutaja nchi wanachama anazotaka kulindwa. Malawi, Zambia, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Ni wangapi kati yetu wameuliza bei yake kabla ya kuuza bidhaa yao ya kwanza? Katika soko la vinyago karibu na posta ya mji wa zamani wa Lilongwe, galimoto za waya zinauzwa kwa watalii. Aliyezibuni hajulikani, na hakuna anayepokea chochote kwa ubunifu huo.

Dzaleka ina mafundi wa kila aina: washonaji, maseremala, mafundi simu, waokaji. Wengi walikuja na ujuzi wao kichwani kwa sababu mikononi hawakuweza kubeba kitu. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi hapa. Wapo waliofunga maduka Lilongwe na kuanza upya kwenye kibanda cha matofali mabichi. Hornby alihitaji vitu vitatu tu kuanza: mtu wa kumkopesha pauni 5, chumba jirani na ofisi, na ruhusa ya kusajili jina lake. Hapa kambini cha kwanza hupatikana, kwa sababu vikundi vya kuweka na kukopa vipo na watu huaminiana. Cha pili hupatikana kwa shida. Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote, na kipo mikononi mwa serikali.

Jua lilikuwa linazama nilipotoka sokoni kutafuta minibasi ya kurudi mjini. Yule mtoto nilimkuta palepale. Aliyaweka makopo yote manne chini, akatafuta msumari mmoja mnene, na kuyatoboa upya moja baada ya jingine kwa msumari huohuo. Kisha akakunja waya mara mbili ili ujae kwenye tundu.

Treni ikaondoka, makopo manne nyuma, na hakuna lililochomoka.